Tupeane uzoefu: mtoto mwenye usonji, maneno mengi lakini marafiki hana

BabaShangani (mwanzisha mada)
Habari zenu wazazi. Tunaolea watoto wenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na watu) huku Mtwara na Lindi, naomba tupeane uzoefu kuhusu lugha ya mtoto na anavyoishi na wenzake. Wangu ana miaka minane. Maneno anayo mpaka watu wanashangaa. Mwulize njia ya basi kwenda Dar, atakutajia Mnazi Mmoja, Lindi, Nangurukuru, Somanga, Ikwiriri, Kibiti, haruki kituo. Jioni watoto wakitoka kucheza, anawafuata na kuwatajia vituo. Wanamsikiliza kidogo, wanaondoka, naye anaendelea kutaja. Hilo linaniuma sana. Wenye watoto wanaosema kidogo au wasiosema kabisa, kwenu hali ikoje?

MamaNewala
Pole baba. Wangu ana miaka sita, hasemi zaidi ya "mama" na "maji". Lakini rafiki anaye. Msimu wa korosho huokota mabibo na mtoto wa jirani. Akipata bibo kubwa jekundu anamvuta mwenzake mkono, analionyesha kwa kidole, kisha anamtazama usoni kuhakikisha ameliona. Mtaalamu aliyempima alifurahi kusikia hivyo. Alisema kutazama kitu pamoja na mwenzako hutangulia maneno, na watoto wanaoanza mapema mara nyingi lugha yao hukua vizuri zaidi. Tunatumia pia kadi za picha. Shangazi zake walihofia zitamfanya mvivu wa kusema, ila "maji" alilisema baada ya kadi kuingia nyumbani.

Bint_Mikindani
Mimi namlea mdogo wangu. Akitaka uji anasema "Unataka uji?" kwa kuwa ndivyo anavyoulizwa. Shikamoo anampa kila mtu, hata mtoto anayetambaa. Siku hizi nikimwona anaangalia sufuria, nasema kwa niaba yake "Nataka uji", natulia kidogo, ndipo nampa. Ameanza kusema mwenyewe.

MwlMasasi
Nafundisha kitengo cha elimu maalumu. Bint, hayo ya kurudia swali lilivyo na kubadilisha "mimi" na "wewe" aliyaandika daktari Leo Kanner huko Marekani mwaka 1943, alipoeleza habari za watoto 11. Wanane kati yao walisema, watatu hawakusema, na kwa upande wa kuwasiliana na watu hakuona tofauti ya msingi kati yao. Kwa hiyo BabaShangani, mwanao si wa kwanza kuwa hivyo. Kuwa na msamiati na sarufi ni jambo moja. Kujua mwenzako amechoka kusikiliza, au kwamba sasa ni zamu yake, ni jambo jingine. Husaidiana, maana mtoto mwenye lugha pana anaweza kusema "nirudishie" badala ya kung'ata, lakini la kwanza halileti la pili lenyewe. Hilo la pili linafundishwa kwa kucheza.

Darasani kwangu tunacheza basi. Tunapanga viti, mmoja dereva, mmoja konda, wengine abiria. Anayejua vituo vyote nampa ukonda. Konda hatangazi kituo mpaka amwulize abiria "unashuka wapi?" na asubiri jibu. Asiyesema anaonyesha picha ya kituo chake, na konda analazimika kumtazama ili ajue. Watoto wasio na usonji nao nawafundisha kusubiri na kumjibu mwenzao. Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili. Nakubaliana naye kabisa, kwa sababu kwetu mzigo wote tunamtwisha mtoto mmoja.

MamaNachingwea
Mwalimu, niliambiwa tuache Kimwera nyumbani, eti lugha mbili zinamchanganya mtoto. Lakini bibi yake ndiye anayezungumza naye kuliko sote, na Kimwera ndicho anachokitumia. Tukaendelea na zote mbili. Hili likoje?

MwlMasasi
Mlifanya vyema, mama. Tafiti hazijaonyesha kwamba lugha mbili zinamrudisha nyuma mtoto mwenye usonji. Mkimnyamazisha bibi mnampunguzia mtoto mtu wa kuzungumza naye. Na ambao watoto wenu hawajapimwa masikio, wapelekeni, hata kama mmeshaambiwa ni usonji. Kutosikia vizuri nako huchelewesha usemi.

BabaShangani
Asanteni sana. Viti vipo, na hapa jirani kuna wawili wanaopenda kupiga honi kwa mdomo siku nzima. Nitawaita Jumamosi. Ila mwalimu, namjua mwanangu, akishapata ukonda hataachia. Unafanyaje?

MwlMasasi
Mwambie kabla basi halijaondoka: konda anabadilishwa Nangurukuru. Weka na picha kwenye kiti ili apaone. Kituo anakijua, kwa hiyo kikifika atakuwa ameshajiandaa. Siku ya kwanza huenda akalia. Usifute mchezo, mpe kiti cha dereva mwendelee na safari.