Siku moja Kilwa: Kisiwani au Songo Mnara? Na je, mwongozaji wa peke yetu ana faida?

mama_twalibu
Wakuu habari za jioni. Tunakwenda Kilwa kuona magofu, tuna siku moja tu ya kutembea. Nimeletewa mapendekezo matatu na nimeshindwa kuamua. La kwanza ni kisiwa cha Kilwa Kisiwani peke yake na mwongozaji wetu wenyewe, asubuhi hadi mchana. La pili ni kisiwa cha Songo Mnara siku nzima. La tatu ni vyote viwili, boti moja, mwongozaji mmoja, na huyu ndiye ananiambia "mama, utarudi umemaliza kila kitu". Au tujiunge na kundi la watu wengine gharama ipungue? Natakiwa kutoa advansi keshokutwa. Nisaidieni.

Kivinje_Damu
Dada, umeuliza nusu. Mko wangapi? Mnalala mjini Kilwa Masoko au mnataka kutoka Dar na kurudi siku hiyohiyo? Kuna watoto? Kuna mzee? Kama mpango ni kwenda na kurudi Dar, usimpe mtu hata shilingi. Ni zaidi ya kilomita 300 kwenda tu. Ukifika njiapanda ya Nangurukuru ukikata kushoto, miguu imeshavimba na boti hujaiona.

nahodha_mstaafu
Na mwezi je? Sisemi Januari wala Februari. Nauliza tarehe ngapi ya mwezi mwandamo.

Kivinje_Damu
Mzee ameanza.

nahodha_mstaafu
Sijaanza, nyie ndio hamjui mnachonunua. Mnapanga safari ya kisiwani kwa kalenda ya ukutani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na pwani hii siku za bamvua maji hupwa saa nne, saa tano asubuhi, saa ileile mgeni anafika Songo Mnara na kofia yake mpya. Maji yanashuka zaidi ya mita tatu. Boti haisogei. Utashuka mbali, utembee kwenye tope na mikoko. Siku za maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, mambo ni tofauti kabisa. Huyo wa "kila kitu" umemuuliza maji yanajaa saa ngapi?

mama_twalibu
Sijamuuliza, mzee wangu. Sikujua kama ni jambo la kuuliza.

ChokaaMbichi
Ngoja nikusimulie, maana mimi nilinunua hilohilo pendekezo la tatu.

Tulikuwa wanne, mwongozaji "wa peke yetu", tumelipa yote kabla kwa simu. Asubuhi kaja kijana mwenye adabu zake, amevaa miwani, kumbe ni mpwa wa mwenye boti. Tukaanza Kisiwani. Pale kwenye ngome ya Gereza akasema limejengwa na Wareno, sawa, mwanzo wake ni 1505, ingawa sehemu kubwa ya tunachokiona leo ni ya Waomani. Nikanyamaza. Tukafika Husuni Kubwa, nimechoka na jua, nimesimama juu ya lile bwawa la pembe nane, namuuliza hili jumba la nani. Anajibu: "La Wareno pia." Jumba lenye vyumba zaidi ya 100, lililojengwa karibu karne mbili kabla Mreno hajaiona pwani hii! Nikamuuliza na bwawa je. Akasema la kunyweshea farasi.

Basi, Kisiwani tulitumia muda wa saa nne badala ya mbili, maana kila kitu nilikuwa namsomea mimi kwenye simu. Tukaondoka kuelekea Songo Mnara mwezi wa saba, kusi inavuma, tunaikabili. Tulifika tumeloa hadi soksi, na maji ndiyo yanakimbia. Nahodha akasema shukeni haraka. Tumepita kwenye mikoko tope limefika magotini, kandambili yangu ya kushoto imebaki huko mpaka leo. Tukapata dakika ishirini za magofu. Tulivyorudi boti imekaa juu ya tope, imelala ubavu kama ng'ombe. Tukangoja maji hadi giza. Mbu wa mikokoni nadhani mnawajua. Mpwa akalala ndani ya boti, kofia usoni.

Sasa niseme na la upande wa pili, nisidhulumu. Zile dakika ishirini sijazisahau. Niliingia kwenye nyumba moja, ukutani kuna vidaka vimepangwa, plasta ya chokaa bado laini ukipitisha kidole, na pembeni ya mlango matumbawe yamechongwa nakshi nyembamba kama mshono wa kanzu. Hakuna kelele, hakuna mtu mwingine. Kisiwani hukipati kitu hicho, kule kuna kijiji na watoto wanakufuata.

Gede_Ndani
Mimi nipo Malindi, samahani kwa kuingilia. Kwa nini mjitese? Njooni kwenye magofu ya Gede. Hakuna boti, hakuna tope, njia tambarare ndani ya msitu, kima juu ya kuta. Na tangu 2024 nayo ni urithi wa dunia.

Kivinje_Damu
Dada kauliza Kilwa, wewe unampeleka Kenya na pasi ya kusafiria. Halafu Kilwa imeingia orodha hiyo 1981.

Gede_Ndani
Na ikawekwa kwenye orodha ya walio hatarini 2004, hilo husemi.

Kivinje_Damu
Ikatolewa 2014. Sema yote.

tabasamu_la_mwambao
Turudi kwa mama Twalibu jamani. Kuhusu mwongozaji wa peke yenu na kundi: kundi mwongozaji anakimbia kama anawahi gari la mwisho, ukiinama kutazama kaburi unaachwa. Tena boti ya kukodi huwa unalipia boti, si kichwa. Mkiwa watano tofauti ya gharama si kubwa kama unavyodhani. Ila kabla ya kutoa hela mpime. Mpigie, mwambie akueleze Msikiti Mkuu. Akikuambia kuna sehemu ya zamani upande wa kaskazini, ya karne ya 11, na ile kubwa ya kuba iliyoongezwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyo mchukue. Akianza na "ni msikiti wa zamani sana", kata simu.

Kibali mnakata Masoko kabla ya kupanda boti. Nendeni na vitambulisho vya taifa, mtalipa kiwango cha Mtanzania, na mdai risiti. Usikubali mtu akuambie "kibali kipo ndani ya bei yangu" bila kukiona.

ChokaaMbichi
Huyo Sultani ndiye Ibn Battuta alimkuta 1331, akasimulia kwamba fakiri alimwomba nguo alizovaa, akaenda kuzivua akampa. Mpwa wa boti naye aliniomba fulana. Sikumpa.

tabasamu_la_mwambao
Hahaha, ukarimu umekwisha Kilwa.

mzalendo_77
Mnapomchagua mwongozaji, mkimbieni anayewapa zile hadithi za Mshirazi kununua kisiwa kwa kukizungushia kitambaa. Ule mji ni wetu, Waswahili, Waafrika.

Kivinje_Damu
Hadithi ni hadithi, hata bibi yangu aliisimulia. Tunaisikiliza kama hadithi.

Mchimbua_Polepole
Mzalendo, usikimbie sana. Utafiti wa vinasaba uliotoka 2023 kwenye jarida la Nature ulichukua mifupa ya makaburi ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo. Walikuta mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000: upande wa kike Waafrika kwa sehemu kubwa, upande wa kiume wengi wana asili ya Uajemi. Kwa hiyo bibi yake Kivinje hakuwa anaota, na wewe pia hukukosea. Lugha, vyakula, ujenzi wa mji, hivyo vilibaki vya hapahapa.

mzalendo_77
Vinasaba havijengi msikiti.

Mchimbua_Polepole
Hilo nakubali.

mama_twalibu
Wakuu, nimerudi. Samahani sikueleza vizuri. Tuko watano: mimi, mume wangu, watoto wawili, na baba mkwe ana miaka 74, goti la kulia limefanyiwa upasuaji. Tunalala Masoko usiku mbili. Siku ya kutembea ni Jumamosi, mwezi wa saba. Nimeangalia kalenda ya Kiislamu, itakuwa mwezi 15.

nahodha_mstaafu
Mwezi 15! Mwanangu, hiyo ni bamvua yenyewe, na kusi juu yake. Kwa goti hilo Songo Mnara siku hiyo, mimi nisingempeleka mzazi wangu. Nenda Kisiwani asubuhi, na umuulize nahodha mnashukia wapi maji yakiwa chini.

Kivinje_Damu
Husuni Kubwa nayo si karibu na Gereza, kuna mwendo, na jua lile. Mzee apumzike chini ya mbuyu, wengine mwende.

ChokaaMbichi
Mimi bado nasema msogeze safari wiki moja, maji mafu, mkaone Songo Mnara. Kisiwani mtakwenda tena.

tabasamu_la_mwambao
Watoto wana shule, wewe.

ChokaaMbichi
Shule zinafunga mwezi wa sita.

mama_twalibu
Jamani, nimemsomea baba mkwe mazungumzo yote haya. Amecheka sana hapo kwenye farasi. Anasema Kisiwani alishakwenda akiwa kijana, anachotaka kuona ni hizo nyumba zenye vidaka, na goti ni lake, si la nahodha. Mume wangu amenyamaza. Advansi bado sijatoa.

nahodha_mstaafu
Mpe salamu zangu. Na mwambie asije na viatu vya ngozi.