Naombeni ushauri: hadithi naielewa, lakini kwenye swali la dhamira naambiwa "unasimulia"

Msomaji wa Alfajiri (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada, hasa kwa walimu wa fasihi na wale mliokwishapita huko.

Nimerudi kusoma baada ya kukaa nje ya shule miaka 9. Ni mtahiniwa wa kujitegemea, kwa hiyo sina darasa. Nina vitabu, kamusi, na dada yangu mmoja ambaye hunisahihishia majibu kila mwisho wa wiki. Nasoma alfajiri kabla nyumba haijaamka.

Hadithi naisoma, wahusika nawajua kama ndugu zangu, naweza kukusimulia mwanzo hadi mwisho bila kufungua kitabu. Likija swali la "Jadili dhamira kuu", najaza kurasa 2, zinarudi na wino mwekundu: "Unasimulia, huchambui." Ni mara ya 4 sasa.

Mfano wa juzi. Hadithi fupi: baba anauza kipande cha shamba ili mwanawe wa kiume aendelee na masomo, binti anaachishwa shule. Kijana anaondoka, miaka inapita kimya. Siku barua yake inapofika, baba hajui kusoma, anamwita binti amsomee. Binti anasoma kwa kukwamakwama kwa sababu aliishia darasa la 4. Mimi nikaandika "Dhamira kuu ni elimu", kisha nikaeleza yote yaliyotokea. Nimepata 4 kati ya 20.

La pili ni msamiati. Nina daftari la maneno magumu, yamepita 300, kila neno na maana yake. Nikikutana nalo kwenye shairi nimeshalisahau, au nakumbuka maana lakini mshororo bado haufunguki. Mengine kwenye kamusi siyaoni kabisa. Mashairi ndiyo yananiumiza zaidi.

Mtihani umebaki miezi 5. Nifanyeje?

Tumbuu

Pole dada. Mimi nilitafuta mwongozo wenye maswali na majibu, nikakariri dhamira zote na mifano yake, nikafaulu vizuri tu. Muda ulionao ni mdogo, usijitese.

Mwalimu wa Zamu

Ndugu Tumbuu, naamini ulifaulu, na sisemi mwongozo haufai. Ila swali likigeuzwa kidogo, aliyekariri anabaki na jibu la swali ambalo hakuulizwa. Nimeona watoto wazuri wakianguka hivyo na inauma. Mwongozo ufunguliwe baada ya mtu kuandika jibu lake mwenyewe, ajilinganishe.

Dada mleta mada, kwanza hongera kwa kurudi. Nimesahihisha insha za fasihi miaka mingi, na kosa lako ndilo ninalokutana nalo kuliko yote.

"Elimu" si dhamira. Elimu ni mada, jambo linalozungumziwa. Dhamira inapatikana ukishasema hadithi inatuambia nini kuhusu hiyo elimu. Kamilisha sentensi hii: "Hadithi hii inaonyesha kwamba..." Neno moja halitoshi hapo, itakubidi useme jambo kamili. Kwa mfano: inaonyesha kwamba familia inayomnyima binti elimu inajinyima yenyewe. Hilo ni dai. Mtu anaweza kulikubali au kulikataa, na ndiyo maana linahitaji kuthibitishwa.

Sasa ushahidi. Anayesimulia hufuata matukio yalivyopangana: kikaja hiki, kikafuata kile. Anayechambua huchagua. Katika hadithi yako mimi ningeng'ang'ania kule kukwamakwama kwa binti. Jiulize kwa nini mwandishi hakumfanya asome barua vizuri. Angesoma bila kukwama, tungebaki na hadithi ya binti mwerevu aliyeshinda vikwazo. Amekwama, na kila anapokwama baba anasikia kwa masikio yake alichokiuza. Hakuuza shamba peke yake. Hata msaada mdogo ambao binti angempa, yeye mwenyewe aliukata katikati miaka ile alipomtoa shule. Unaona? Kutoka neno moja umepata aya nzima, na hujasimulia chochote.

Halafu jambo ambalo linawachanganya wengi bila kosa lao: vitabu havitumii istilahi kwa namna moja. Katika vitabu vingi vya Tanzania, maudhui ni jumla, na ndani yake kuna dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa na msimamo. Katika vitabu vingi vya Kenya utakuta "maudhui" ndiyo yale masuala yanayojadiliwa, na "dhamira" ni lengo la mwandishi. Usichanganye vitabu vya mitaala miwili kabla hujajua mtihani wako unafuata upi. Na ujumbe usiuchanganye na dhamira: ujumbe ni funzo analobaki nalo msomaji.

Neno kwa Neno

Nami niseme la msamiati, maana hili nalipenda.

Daftari lako lina kasoro moja: umeandika neno na maana bila sentensi. Neno likitolewa mahali pake linakuwa kama samaki juu ya mchanga. Andika mstari mzima ulimolikuta, kisha maana *katika mstari ule*, kisha nani analisema na kwa hali gani. Maneno 300 ya namna ile yapunguze hadi 60 ya namna hii. Chagua yale yanayojirudia na yale yanayobeba hisia au hukumu. Jina la chombo cha uvuvi kilichotajwa mara moja liache lipite.

Andika na ndugu zake. Ukikuta "adili", weka pembeni adilifu, uadilifu, maadili, adilisha. Umejifunza maneno matano kwa gharama ya moja, na mtihani unaweza kukuletea lolote kati yao.

Kuhusu maneno usiyoyaona kwenye kamusi, mengi yamo, ila yamejificha kwenye umoja au kwenye shina. Nyuso tafuta *uso*. Ndimi tafuta *ulimi*. Kuta ni *ukuta*, meno ni *jino*. Kitenzi kivue viambishi vya mbele na nyuma: "wakamwendea" ni *enda* tu. Nilimsaidia mdogo wangu kwa hili na akaacha kulalamika kuwa kamusi yake ni mbovu.

Yasiyokuwamo kweli mara nyingi ni ya lahaja. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, uamuzi uliofikiwa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya lugha ikaanza kazi 1930. Mashairi mengi ya kale yalikuwa yameshatungwa zamani kwa Kiamu (lahaja ya Lamu) na Kimvita (lahaja ya Mombasa). Utendi wa Mwana Kupona, kwa mfano, ni wa 1858. Kwa hiyo jifunze kanuni badala ya orodha. Penye *t* jaribu *ch*: mato ni macho, kitwa ni kichwa, nti ni nchi, teka ni cheka. Penye *nd* jaribu *nj*: ndia ni njia, ndaa ni njaa. Penye *y*, hasa Kiamu, jaribu *j*: moya, yua. Kanuni tatu tu na shairi linaanza kufunguka. Jihadhari na maneno yanayofanana na ya leo lakini si yale: *nyota* katika shairi la kale inaweza kuwa kiu. Mtu akitaabika kwa nyota, usiandike kuhusu anga.

Msomaji wa Alfajiri

Hapo kwenye nyuso na ndimi nimeguswa. Kweli nilikuwa natafuta kwenye "ny" na "nd". Asanteni sana. Na mashairi je? Vina na mizani nahesabu vizuri, ila nikimaliza kuhesabu sijui niseme nini.

Bahari Tulivu

Dada, kuhesabu ni mwanzo mzuri, endelea nako, ila kuhesabu ni fani, yaani umbo la shairi, na hakutakupa dhamira hadi uulize kwa nini. Nimekutungia ubeti ili usije ukaukuta umechambuliwa kwenye mwongozo:

*Mti ulio njiani, uliotupa kivuli,*
*Tukapumzika chini, tulipotoka kwa mbali,*
*Leo shoka mkononi, twasema mti dhalili,*
*Kesho jua utosini, tutajuta kweli kweli.*

Ni tarbia, mishororo 4, mizani 8 kwa 8, vina -ni na -li. Hayo nimeshakupa, usiyarudie. Usome kwa sauti mara 2, kisha uuandike kwa lugha ya kawaida kwa sentensi zako. Wengi huruka hatua hii na ndiyo wanaopotea. Baada ya hapo tafuta nani anasema (nafsineni), anamwambia nani, na mahali ambapo sauti yake inageuka. Shairi karibu kila mara lina mahali pa kugeukia.

Jaribu, uweke jibu hapa.

Tumbuu

Hiyo dhamira si uharibifu wa mazingira? Shoka na mti.

Mwalimu wa Zamu

Inaweza kutetewa, Tumbuu, lakini tumngoje mwenyewe.

Msomaji wa Alfajiri

Nimeamka nao leo. Naomba msinionee huruma, nisahihisheni kama mnavyowasahihisha wengine.

Kwa lugha ya kawaida: kuna mti njiani, tulipotoka safari ndefu ulitupa kivuli tukapumzika. Sasa tumeshika shoka na tunasema mti hauna thamani. Kesho jua litatuchoma na tutajuta.

Nilianza kufikiri kama Tumbuu, mazingira. Kisha nikaangalia "dhalili". Kamusi inasema duni, nyonge. Nikashangaa, maana mishororo miwili ya juu haioneshi mti ulio dhalili, inaonesha mti uliotufaa. Kwa hiyo mti haujabadilika, tumebadilika sisi. Na anayeuita dhalili ni yule yule aliye na shoka, yaani anatafuta sababu ya kuukata. Mahali pa kugeukia ni "Leo".

Nimeandika hivi: "Ubeti unaonyesha kwamba binadamu humdharau aliyemsaidia mara anapoona hamhitaji tena, na dharau hiyo humrudia. Mwandishi anasema 'twasema mti dhalili' akiwa ameshika shoka. Neno 'dhalili' linapingana na 'uliotupa kivuli', kwa hiyo msomaji anajua si kweli. Mwandishi anajuta kwa sababu kesho jua litakuwa utosini."

Bahari Tulivu

Dada! Nimeusoma mara tatu na nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Hata mimi niliyeutunga sikuwa nimeliona hilo la kutafuta sababu.

Neno kwa Neno

Hilo la "dhalili" liingize kwenye daftari na mstari wake, pamoja na dhalilisha na udhalilishaji. Sidhani kama utalisahau.

Mwalimu wa Zamu

Hili ni jibu la kuchambua. Narekebisha matatu.

Kwanza, umeandika kwamba mwandishi ndiye anayesema akiwa ameshika shoka. Katika shairi anayesema ni nafsineni. Mtunzi anaweza kuwa hajawahi kukata mti maishani mwake. Andika "nafsineni", na utaje kwamba anatumia nafsi ya kwanza wingi: *tu*kapumzika, *tw*asema, *tu*tajuta. Hanyooshei wengine kidole, amejiweka ndani ya kosa. Hiyo ni hoja nyingine bure, na inaimarisha dhamira yako.

Pili, "anajuta" si sahihi. "Tutajuta" ni wakati ujao. Leo hakuna anayejuta bado, shoka bado liko mkononi, mti haujakatwa. Kiambishi hicho kidogo kinaacha nafasi ya kugeuza nia, na ukikisoma vibaya unapoteza ujumbe.

Tatu, jua utosini limetajwa tu. Liunganishe na kivuli cha mshororo wa 1: kitu tulichopewa mwanzo ndicho tutakachokikosa mwisho. Taswira mbili, mwanzo na mwisho, zinatazamana.

Tumbuu, la kwako linapata alama likiwa dhamira ndogo, kwa sharti utoe ushahidi kwenye maneno ya ubeti. Kuona mti na shoka hakutoshi.

Tumbuu

Nimeelewa mwalimu. Sikuwahi kufundishwa hivi.

Msomaji wa Alfajiri

Hilo la "tu-ta-" limenikaa. Nilisoma kwa haraka nikaona kujuta tu.

Nina swali la mwisho: kwenye mtihani nitapata wapi muda wa kuandika kila ubeti upya kwa lugha ya kawaida?

Mwalimu wa Zamu

Hutaandika, utafanya kichwani, kwa sababu utakuwa umeshafanya kwa kalamu miezi hii 5. Kwa sasa shairi moja kwa siku 3 linatosha: siku ya kwanza kusoma kwa sauti na kuandika upya, ya pili maneno, ya tatu aya moja ya dhamira isiyozidi mistari 10. Kizuizi cha mistari 10 ndicho kitakachokukataza kusimulia. Siku ya mtihani pigia mstari maneno 3 au 4 kwenye shairi lenyewe kabla hujaandika chochote, jibu lako lizunguke hayo.

Sasa rudia ile hadithi ya barua kwa namna hii, kuanzia pale binti anapokwama. Ukimaliza iweke hapa, nitaisoma Jumapili.

Msomaji wa Alfajiri

Nimeanza. Sentensi ya kwanza ni hii: "Kila neno linalomkwama binti ni mwaka mmoja wa shule aliokosa." Nitaleta zilizobaki Jumapili.