Marekani iliingia Korea 1950 kwa sababu gani hasa?

Wakuu naomba kueleweshwa, wale ni ndugu walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, Marekani ilifuata nini huko?

Jibu 1: Mkuu mkono wao ulikuwepo toka mwanzo, ule mstari wa 38 uliogawa Korea Kaskazini na Kusini waliuchora maofisa wawili wa Kimarekani usiku kwenye ramani, Agosti 1945. Kaskazini ilipovuka 25 Juni 1950 rais wa Marekani Truman akaona Stalin, kiongozi wa Sovieti aliyekuwa nyuma ya Kaskazini, anampima, akinyamaza kesho ni Japani.

Jibu 2: Na China je? Wamarekani walipousogelea mto Yalu, mpakani mwa Korea na China, Mao naye akaingiza jeshi, hakutaka adui mlangoni. Mi wanaoniuma ni raia, Seoul ilitekwa mara nne ndani ya mwaka mmoja, mama mwenye watoto anakimbilia wapi jamani?