Karoti mwitu au hemloki? Nyie mnatofautishaje kabla ya kula

Mchuma_Majani

Wakuu habari zenu. Nimeingia kwenye hii mambo ya kuchuma mimea ya porini kwa ajili ya kula na mpaka sasa nimebaki na ile rahisi ambayo haifanani na sumu yoyote. Sasa navutiwa na jamii ya karoti, yale maua meupe madogo madogo yaliyopangika kama mwavuli, maana kila ninapopita yapo, pembeni ya njia, mitaroni, kwenye nyasi ndefu. Nikisoma huku naambiwa karoti mwitu inaliwa, nikisoma kule naambiwa hemloki inafanana nayo na inaua. Nimeangalia picha nyingi naona zote ni zilezile. Kuna app ya simu niliipigia mmea picha ikasema karoti mwitu, nikapiga mmea uleule kwa upande mwingine ikaleta jina jingine kabisa. Sijala kitu mpaka sasa. Naomba kujua, kuna alama moja ya uhakika? Na kunusa kunatosha? Kuna mtu kaniambia ikinukia karoti basi ni karoti.

ShinaKwanza

Alama moja ya uhakika haipo mkuu, na hiyo app iache kabisa kwenye hii jamii. Unachohitaji ni alama nyingi zinazokubaliana kwenye mmea mmoja, ikikataa hata moja unaacha.

Anza na shina. Karoti mwitu, yaani Daucus carota, shina lake lina vinyweleo, ukipitisha kidole unahisi vinakwaruza. Hemloki, Conium maculatum, shina ni nyororo halina unywele hata mmoja, ndani liko wazi, na lina madoa ya zambarau yaliyotapakaa bila mpangilio, mengi yakiwa kuelekea chini, kwa hiyo tenga nyasi uangalie mpaka linapoingia ardhini usiishie kuangalia juu. Halafu geuza ua uangalie chini yake pale vijiti vya mwavuli vinapokutana. Karoti mwitu ina vijani virefu vilivyochanika chanika kama nyuzi, vinaonekana hata ukiwa umesimama, ila vya hemloki ni vifupi, havijachanika na vimeinama kurudi chini. Katikati ya mwavuli wa karoti mara nyingi kuna kiua kimoja cheusi cheusi chenye wekundu, lakini sio kila mmea unacho kwa hiyo usikitegemee. Ikianza kuzaa, mwavuli wa karoti unajikunja kwenda ndani na mbegu zina vimiba, za hemloki hazina vimiba, zina matuta yaliyopinda pinda. Urefu nao unasaidia kidogo, hemloki iliyokomaa inapita mita 2 kirahisi.

Sasa tatizo kubwa ambalo watu hawalisemi. Zote mbili kwa kawaida zinaishi miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni majani tu yamekaa chini, hakuna shina refu hakuna ua hakuna mbegu, na mzizi wa karoti mwitu ni laini wa kula mwaka huohuo wa kwanza, ukishatoa maua unakuwa mgumu kama mti. Maana yake muda unaoutaka mzizi ndo muda ambao alama karibu zote nilizokutajia hazipo. Kwa hiyo anayeanza asichimbe mizizi. Jifunze mmea ukiwa na maua, weka alama mahali, rudi kila msimu uuone unavyobadilika mpaka majani machanga uyatambue. Na hata hapo usiseme kwa kuwa mwaka jana hapa palikuwa na karoti basi kila jani lililoota hapa ni karoti, mbegu zinachanganyika na hizi mbili zinaweza kuota zimegusana.

Bonde_la_Maji

Nakubaliana na mkuu hapo juu. Mimi naongezea kwenye kunusa maana hapo ndo pana mtego.

Hemloki ukiifikicha inatoa harufu mbaya, wengi wanasema kama mkojo wa panya, ila pua zinatofautiana na ukishafikicha majani matatu manne harufu inabaki vidoleni hujui tena unanusa nini. Kwa hiyo harufu mbaya ni sababu ya kuacha, lakini harufu nzuri sio ruhusa ya kula. Kuna Oenanthe crocata, inaota Ulaya magharibi pembeni ya maji, inanukia vizuri tu kama seleri, mizizi yake ni minene imekaa kwa kishada, na ni kati ya mimea yenye sumu kali kuliko yote huko. Kuna Cicuta nayo, ya sehemu zenye majimaji, ukipasua shina lake la chini kwa urefu mara nyingi unakuta vyumba vyumba na utomvu wa njano, na hiyo inaleta degedege ndani ya saa moja au hata chini ya hapo. Hemloki yenyewe inalegeza misuli taratibu mpaka kupumua kunashindikana huku akili inaendelea kuelewa kila kitu. Ndo sumu inayosemwa alinyweshwa Socrates, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mwaka 399 KK.

Mimi sheria yangu ni kwamba chochote cha jamii hii kilicho karibu na maji sikigusi, hata nikiwa na uhakika. Na msitegemee kuchemsha wala kukausha, hiyo sio njia ya kuondoa sumu hizi.

Kijani_Kibichi

Sio mnamtisha sana? Mbona wadudu wanakula na hawafi, na si unaweza kuonja kidogo tu kwa ncha ya ulimi ukisikia uchungu unatema?

ShinaKwanza

Hapana ndugu yangu, tafadhali usimfundishe mtu hivyo. Kuna kiwavi anayeishi kwa kula hemloki tu, mwili wake umeumbwa hivyo, wa kwako haujaumbwa hivyo. Na kuonja hakukuambii kitu, mzizi wa Cicuta sio lazima uwe mchungu na kipande kidogo kinatosha kumuua mtu mzima. Kwenye jamii hii haonji mtu.

Dawa_ya_Jua

Na hata kugusa kuna yake. Heracleum mantegazzianum, ile kubwa kuliko mtu iliyotoka Kaukasi ikapelekwa Ulaya kama pambo la bustani, utomvu wake ukikaa kwenye ngozi halafu jua likapiga unapata malengelenge kama umeungua moto, na hayajitokezi hapohapo, yanaweza kujitokeza kesho yake au siku inayofuata, madoa yanabaki muda mrefu. Pastinaca sativa yenye maua ya njano nayo inafanya hivyohivyo. Vaa glavu na mikono mirefu, ukiguswa osha kwa sabuni na maji ya baridi na ufunike hapo mahali siku mbili jua lisipafikie.

Mchuma_Majani

Asanteni sana wakuu, mizizi nimeacha, nitaanza kuangalia tu. La mwisho, ikitokea mtu ameshakula na bado anajiona mzima?

Bonde_la_Maji

Hospitali hapohapo, asisubiri dalili, maana dalili zikianza muda umeshakwenda. Asijitapishe, degedege likimkuta anatapika anaweza kupaliwa. Asiende peke yake na asiendeshe gari. Mabaki ya mmea uyaweke kwenye mfuko, mzizi, shina na majani kama vipo, uende nayo umpe daktari, na umwambie amekula saa ngapi na kiasi gani. Na kama walikula wengi waende wote, hata yule anayesema alionja tu.