Narnia ya 2005 inamfaa mtoto wa miaka sita?

MamaWawili: Habari zenu. Binti yangu wa miaka sita anapenda sana wanyama wanaoongea, na kaka yake wa miaka kumi anaitaka filamu ya Narnia ya 2005, The Lion, the Witch and the Wardrobe. Daraja lake la umri ni PG, yaani mwongozo wa mzazi unashauriwa. Niwawekee wote?

BabaWaWatatu: Dada, PG inamtaka mzazi awe makini. Damu karibu haionekani, hata kwenye vita vya mwisho. Kinachotisha ni yanayompata Aslan, yule simba anayeongea: wanamfunga kamba, wanamnyoa manyoya huku wakimzomea, kisha Mchawi Mweupe anamchoma kisu juu ya Meza ya Jiwe. Kitindamimba wangu hakujali mbwa mwitu hata kidogo, ila pale kwenye kunyolewa alilia kwa kwikwi. Mwambie mapema kwamba simba atafufuka.

ShangaziK: Mwanzo nao uutazame. Ndege zinadondosha mabomu London usiku, halafu watoto wanaagana na mama yao kituo cha treni. Kama binti hapendi kutengana nawe, mpakate hapo. Pia inazidi saa mbili, igawe.

MamaWawili: Asanteni sana, la treni nisingelifikiria. Kaka ataitazama nami kwanza. Mdogo tutamwekea mchana, nusu nusu.