Tupeane uzoefu: taa za gari zilipokuzingua, shida ilikuwa wapi?

Wakuu, kwema? Mvua zimeanza, na ukipita Morogoro Road usiku kila baada ya muda unapishana na gari lenye jicho moja. Hapa tuweke visa vya taa tu: gari lilionyesha nini, na shida ilikutwa wapi. Ukisema "fundi alirekebisha" hujatusaidia, sema alikuta nini.

Naanza. IST yangu nikikanyaga breki, indiketa ya nyuma kushoto inawaka kwa mbali. Nikiwasha indiketa, taa ndogo nazo zinacheza. Fundi wa kwanza alitaka tununue swichi nzima ya kwenye usukani. Mzee mmoja wa Tabata akafungua taa ya nyuma, akachukua kipande cha waya, ncha moja akaigusisha kwenye ethi ya soketi (njia ya umeme kurudi), nyingine kwenye bodi. Vurugu yote ikakoma. Ethi ilikuwa imeliwa na kutu, na umeme ukikosa njia ya kurudi unapenya kwenye balbu za jirani. Akapiga msasa, akakaza boliti. Hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Wa Kigamboni
Huku kwetu chumvi ya bahari haina huruma, soketi zinaota ukijani kama sarafu ya zamani. Mimi hupima kwa mita ya volti, sibahatishi. Washa taa, waya mmoja wa mita weka kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye ethi ya balbu. Ikisoma karibu na sifuri, ethi ni nzima. Ikizidi nusu volti, usinunue balbu, fuata waya.

Mama Noah
Indiketa ya kulia ilikuwa inakimbia tik-tik-tik. Balbu moja ya nyuma imeungua, mbio zile ndiyo taarifa yenyewe. Nikaweka za LED kwa mbwembwe, mbio zikarudi! LED hula umeme kidogo, flasha, kile kifaa kinachowasha na kuzima indiketa, inadhani balbu imekufa. Nikarudisha za kawaida za wati 21, kwisha.

Dereva wa Mbagala
Mama Noah umenikumbusha hao wa LED. Taa iliyotengenezwa kwa balbu ya halojeni ukiipachika LED ya bei chee, mwanga unatawanyika kila upande. Yeye anaona barabara, wewe wa Kilwa Road unayekuja mbele yake unaona nyota. Utasikia "taa yangu kali". Kali kwa nani?

Kisa changu sasa: balbu zilikuwa haziishi. Naweka mpya, wiki haijaisha zimeungua, nikalaumu balbu feki. Kumbe altaneta ilikuwa inachaji kupita kiasi. Injini ikiwaka, betri inatakiwa isome kati ya volti 13.5 na 14.5, yangu ilikuwa inavuka 15. Kilichokufa ni regyuleta, kidhibiti cha chaji ya altaneta. Kama balbu zinakufa kwa zamu, pimeni hapo kwanza. Na halojeni msiishike kioo kwa vidole, mafuta ya mkono huifupishia maisha. Tumia kitambaa safi.

Mteja wa Gerezani
Nilinunua taa ya mbele used, inaingia vizuri, inang'aa, lakini kila ninayepishana naye ananipigia fulu (mwanga wa mbali). Ilitoka kwenye gari la usukani wa kushoto. Dimu, yaani mwanga wa karibu, ya taa hizo huinua mwanga upande wa kulia, na sisi tunaoendesha kushoto ndiko wanakotoka wenzetu. Kurekebisha skrubu ya urefu hakukusaidia kitu. Kabla ya kulipa, iwasheni mbele ya ukuta muone mwanga unapanda upande gani.

Kijana wa Kimara
Wakuu, msaada wa haraka. Premio, taa kubwa zote mbili zimezima ghafla, dimu na fulu. Taa ndogo zinawaka. Fundi anasema balbu.

Dereva wa Mbagala
Balbu mbili kuungua dakika moja ni nadra, mdogo wangu. Angalia fyuzi, kisha rilei, ile swichi ya umeme inayowasha taa. Fungua boksi la fyuzi kwenye boneti, mfuniko una mchoro. Kama rilei ya honi ina namba sawa na ya taa, zibadilishane nafasi uone.

Kijana wa Kimara
Taa zimewaka! Ila sasa sina honi.

Mama Noah
Dar bila honi? Pita maduka ya spea ya Gerezani ununue rilei, halafu uje useme bei.