Nina CPL ya Kenya, naweza kufundisha urubani Marekani?

Binti wa Kisauni
Wakuu, naombeni mwongozo. Nina CPL (leseni ya urubani wa kulipwa) ya KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, na IR (kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo), nimesomea uwanja wa Wilson, Nairobi, nina saa 231 za kuruka. Mjomba wangu aliyeko Texas anasema niende tu, leseni ibadilishwe nianze kufundisha. Ni kweli?

Rubani wa Dallas
Dada, mjomba anakutakia mema ila hapo kachanganya. Leseni ambayo FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, hukupa kwa kutegemea ile ya kwenu ni ya rubani binafsi. Huruhusiwi kulipwa nayo. Mkufunzi anatakiwa kwanza apate leseni kamili ya urubani wa kulipwa ya FAA pamoja na IR, ndipo afanye mitihani ya ukufunzi.

Saa zako hazipotei. Zangu za Wilson zilihesabiwa zote, hata masomo niliyopewa na mwalimu wa Kenya. Kilichonikwamisha ni ile safari ndefu ya peke yako inayotakiwa kwa leseni ya kulipwa. Nilienda Mombasa peke yangu, nikarudi kifua mbele. Kumbe FAA wanataka kituo kimojawapo kiwe angalau maili 250 za baharini kutoka ulikoanzia, kwa mstari ulionyooka. Wilson hadi Mombasa ni kama 233. Nikairudia safari nzima huku, mafuta ya mfukoni mwangu. Chukua ramani upime yako kabla hujapanda ndege. Na ufikishe saa 250.

Halafu jiandae kwa kiti cha kulia, ndicho cha mkufunzi. Miaka yote mkono wa kushoto umeshika usukani na wa kulia wenzo wa injini, sasa vinabadilishana. Wiki ya kwanza kila nikitua nilikuwa pembeni ya mstari wa kati, maana ukikaa kulia pua ya ndege unaiona kama imepinda. Nilichora kidoti cha kalamu kwenye kioo, usawa wa jicho langu, nikawa nakifuata hicho. Siku ya nne matairi yakaanza kukaa kwenye mstari.

Mzee wa Hanga
Viza nayo uiulize mapema, mwanangu. Ukiwa na M-1, viza ya wanaosomea ufundi, kazi ya mazoezi baada ya kuhitimu ni mwezi 1 kwa kila miezi 4 uliyosoma, isizidi miezi 6. F-1, ya wanafunzi wa vyuo, inaweza kukupa miezi 12. Na TSA, idara ya usalama wa usafiri ya Marekani, lazima wakuidhinishe kabla ya kuanza mafunzo.

Binti wa Kisauni
Asanteni sana, shikamoo Mzee. Nimefungua logibuku, daftari langu la safari, sasa hivi: safari yangu ndefu ilikuwa Wilson, Malindi, Mombasa, Wilson. Zote fupi. Nimepima Lamu, inavuka 250 kidogo tu. Saa 19 zilizobaki naanza na hiyo.